Gari la Kale: Lifufuliwe au Liachwe?

Mzee wetu mmoja, msomaji wa siku nyingi wa ukurasa huu, ametuletea swali ambalo hatukulitarajia. Mwanawe anayefanya kazi Ohio, Marekani, ameonyeshwa Ford Mustang ya mwaka 1966 iliyolala bandani miaka mingi. Aomba akiba iliyotengwa kwa paa la nyumba ya wazazi ili ainunue, aitengeneze, kisha aiuze kwa faida. Mzee auliza: gari bovu la umri huo lina thamani gani?

Hatumcheki kijana. Mustang ilipotoka Aprili 1964 Wamarekani waliigombania, na magari ya nguvu ya zama hizo hadi leo yana wapenzi wake. Wajuzi wengine hukataa kuiweka Mustang katika kundi hilo. Tuwaachie ugomvi wao. Lakini Mustang si moja. Katika nambari ya gari iliyogongwa kwenye bati karibu na injini, alama ya tano hueleza injini iliyotoka nayo kiwandani. Ikiwa ni K, hiyo ni ya silinda 8 yenye nguvu za farasi 271, adimu na yenye kutafutwa. C na A nazo ni za silinda 8, ila ni za kawaida. Ikiwa ni T, ni ya silinda 6 na nguvu za farasi 120, gari la kwendea sokoni. Gharama ya kunyoosha bodi, kupiga rangi na kushona viti haipungui kwa kuwa injini ni ndogo. Ipunguayo ni bei ya kuuzia.

Injini iliyokwama isimtishe sana, kwani hufunguliwa ikatengenezwa. Kinachomfilisi mtu ni kutu, na hapa sisi watu wa pwani hatuhitaji mwalimu: twajua chumvi ifanyavyo mabati na nondo. Ohio hakuna upepo wa bahari, lakini wakati wa theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, nayo hurukia chini ya magari. Mustang haina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo mifupa. Sakafu iliyotoboka huzibwa, bali mihimili ya chini ikioza, kazi huwa ni kulijenga gari upya. Bandia za bodi zapatikana tele, hata bodi nzima mpya huuzwa, ila fundi wa kuzichomelea hulipwa kwa saa, na saa za Marekani ni ghali.

Asitumaini pia kuileta Mombasa. Usukani wake uko kushoto, na Kenya haipokei kwa kawaida magari ya namna hiyo, wala yaliyozidi miaka 8.

Rai yetu ni kwamba akiba ya paa isiguswe. Mvua haingoji mnunuzi wa gari. Ikiwa kijana anaitaka, aitengeneze polepole kwa mshahara wake, na kabla ya kutoa hata senti aende bandani na sumaku na ndoo ya maji. Mahali sumaku isiposhika, chini ya rangi mna puti. Maji ayamwage kwenye matundu ya hewa mbele ya kioo: yakidondoka ndani, miguuni pa dereva, kutu imekwisha kula pasipoonekana. Alama ya tano ikiwa ni T na maji yakadondoka, amshukuru mwenye gari na arudi kwake.