Mvua inanyesha, tuhesabu viti



Hapa Lubumbashi mvua haijamaliza kazi yake. Tangu Noeli na Mwaka Mpya zipite, simu zetu zimenyamaza. Familia nyingi zinangoja kiangazi, kuanzia mwezi wa 5, ili zipange viti uwanjani bila kuogopa mawingu. Kwaresima nayo inakaribia, na Wakatoliki wengi hawafungi ndoa wakati huo. Sisi wenye kazi ndogo ya kupamba sherehe na kukodisha viti tunabaki kutazama mifuko ya vitambaa.

Mwaka huu tulikataa kutazama tu. Tulikaa wanne, tukafungua daftari, tukachukua kazi moja ya mwezi wa 8 ambayo sote tuliisifu. Bibi arusi alifurahi, majirani walipiga picha, tukalipwa dola 300. Siku ile tulisema tumepata. Sasa tukaandika yaliyotoka:

Gari kwenda na kurudi, dola 50. Viti 80 vya kukodi kwa wengine, dola 40. Maua na maputo, dola 70. Mafuta ya jenereta, dola 25. Vijana wa kubeba, dola 30. Vitambaa vilivyochomeka, dola 18. Viti 5 vilivyovunjika, dola 45.

Jumla dola 278. Zilibaki 22. Wanawake 4, siku 3 za kazi: dola 5 na nusu kwa kila mmoja. Mwenzetu mmoja aliangalia daftari muda mrefu, kisha akasema, "Siku hizo tatu ningekaa sokoni na mikate yangu, ningepata zaidi." Hakukosea.

Tena kuna jambo la aibu ambalo hatutalificha. Avansi ya familia ile tulikuwa tumeshaila. Mmoja alilipa nyumba, mwingine alinunua dawa ya mtoto. Shida zilikuwa za kweli, lakini pesa haikuwa yetu bado. Ilipofika wiki ya arusi tulikopa kwenye likelemba ili tununue maua. Tangu siku hiyo tunaambiana: avansi ni deni mpaka sherehe iishe.

Kwa hiyo, katika miezi hii ya mvua tumeanza kazi nne.

Kwanza, tumehesabu kila kitu: viti vizima, vilivyopasuka, vitambaa vya kufua, vya kushona upya. Ukihesabu wakati wa kazi nyingi, utakosea.

Pili, tumeandika bei kwenye karatasi. Gari na vijana wa kubeba wana mstari wao, hawajifichi tena ndani ya bei ya viti. Familia itaacha amana ya vitu vitakavyovunjika. Visipovunjika, inarudishiwa yote. Hata shangazi atasoma karatasi ileile.

Tatu, avansi inaingia katika sanduku lenye funguo mbili, kwa wamama wawili tofauti. Inatoka kwa kununua vitu vya sherehe ile tu.

Nne, tunatafuta kazi ndogo zilizo karibu. Tarehe 8 Machi vikundi vya wamama vitavaa vitenge na kukutana. Vingi vitahitaji viti na meza iliyopambwa. Pasaka italeta ubatizo. Matanga nayo hayangoji kiangazi, na huko tunakwenda kwa bei ya chini na kwa heshima. Tukifika kwa ndugu na jirani, tunauliza pia nani anazungumzia mahari. Familia ikiwa bado inapanga, ina nafasi ya kusikiliza. Ikishatoa mialiko, imeshachagua mtu.

Wengine watasema bei mpya itafukuza watu. Tunajua baadhi wataondoka. Mmoja ameshaondoka wiki iliyopita, na iliuma. Lakini mwingine alisoma karatasi, akauliza maswali mawili, akatoa avansi ya arusi ya mwezi wa 6. Iko ndani ya sanduku, haijaguswa.

Kwa mkutano ujao, kila mama mwenye kazi ya sherehe aje na hesabu ya kazi yake moja ya mwaka jana, hata kama inamtia haya. Tutaisoma pamoja, bila kuchekana. Afadhali haya ya leo kuliko kufika kiangazi na kuchoka bure tena.

Mubaki salama.