Michango kwa Simu: Uaminifu Ndio Mtaji wa Nyumba Salama Mkoani Mara

Na Mwandishi Wetu

Kila inapokaribia Desemba na shule kufungwa, nyumba salama za Mkoa wa Mara hujiandaa kupokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Wengi wao hufika bila mizigo, wakiwa na nguo walizovaa tu. Huhitaji chakula, malazi, matibabu na ulinzi, na baadaye sare na madaftari ili warejee masomoni. Mahitaji hayo hujitokeza kwa wakati mmoja na hayasubiri bajeti ya mwaka ujao. Kwa sababu hiyo, namna mashirika ya hisani yanavyokusanya fedha si suala la wahasibu peke yao, kwani hugusa moja kwa moja usalama wa mtoto.

Kata ya Matongo, Wilaya ya Tarime, ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Ipo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, katika ukanda unaopitiwa na njia ya kutoka Tarime kupitia Nyamongo kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Fedha kwa njia ya simu si jambo geni hapa. Mchimbaji mdogo, mama lishe na mfugaji huitumia katika shughuli za kila siku, hata kwa simu ya kawaida maarufu kama kitochi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya michango ya kuwahifadhi mabinti wa ukanda huu imekuwa ikitoka mbali, kwa watu wasiowahi kufika Mara.

Tatizo lenyewe bado lipo. Matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 yalionesha kuwa asilimia 32 ya wanawake wa Mkoa wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha asilimia 28. Kiwango kimeshuka, lakini kwa mwendo wa pole, ilhali kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 ni kosa la jinai nchini tangu mwaka 1998.

Uchangishaji kwa njia ya simu katika Afrika Mashariki umejengwa juu ya huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Nguvu yake katika hisani ilidhihirika mwaka 2011, pale kampeni ya Kenyans for Kenya ilipokusanya zaidi ya Shilingi za Kenya milioni 600 kwa ajili ya waathirika wa ukame. Mwaka mmoja kabla, baada ya tetemeko la ardhi nchini Haiti, Wamarekani walichangia Shirika la Msalaba Mwekundu la nchi yao zaidi ya Dola milioni 30 kwa ujumbe mfupi wa simu, kila ujumbe ukiwa na thamani ya Dola 10. Somo la matukio hayo ni moja: kiasi kidogo kutoka kwa watu wengi huwa na maana pale gharama ya kukituma inapokuwa ndogo na mpokeaji anapoaminika.

Mkoani Mara teknolojia ilichukua sura ya pekee, kwani kazi ya ramani ilikwenda pamoja na kazi ya kuomba fedha. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, uliwakusanya watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali wakachora barabara, nyumba na vijiji vya Tanzania katika ramani huria ya OpenStreetMap. Kwa waokoaji wa Serengeti hiyo ilikuwa nyenzo ya kazi, kwa kuwa si rahisi kumfikia usiku binti aliye katika kijiji kisichoonekana kwenye ramani. Shirika la Hope for Girls and Women, lililoasisiwa na Bi. Rhobi Samwelly na lenye nyumba salama Mugumu na Butiama, limewapa wanakijiji mafunzo ya kutumia simu janja kutoa taarifa za ukatili wa kijinsia. Taarifa hizo huongoza uokoaji, na vilevile humpa mchangiaji aliye mbali ushahidi wa kazi inayofanyika. Taasisi ya Tanzania Development Trust ya Uingereza imekuwa ikiomba michango ya kazi za aina hii kupitia jukwaa la mtandaoni la GlobalGiving.

Mafanikio hayo yanaleta maswali matatu.

Swali la kwanza ni la utegemezi. Majukwaa ya kimataifa humfaa mwenye kadi ya benki na fedha za kigeni. Mkazi wa Nyamongo mwenye Shilingi 2,000 na nia njema hayamhusu sana. Ilhali mkazi huyo huyo huchangia harusi, misiba na matibabu kwa simu, na makundi ya WhatsApp ya kamati za sherehe hutoa hesabu kila jioni. Utamaduni wa kuchangiana upo na nyenzo zipo. Kilichobaki ni kuelekeza sehemu ya ukarimu huo kwa nyumba salama. Gharama nayo ina nafasi yake. Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 wananchi walitoa maoni yao, na Septemba mwaka huo Serikali ikazipunguza kwa asilimia 30.

Swali la pili ni la uaminifu. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyeufahamu ujumbe wa matapeli unaosema fedha itumwe “kwenye namba hii”. Baada ya tetemeko la Kagera la Septemba 2016, Rais alitengua uteuzi wa watendaji kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na lile la akaunti rasmi ya maafa. Tukio hilo lilionesha kuwa jina la akaunti laweza kutikisa imani ya taifa zima. Kinga ya kwanza ni namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la shirika, si la mtumishi wake, ili jina hilo lionekane kabla mchangiaji hajaweka namba ya siri. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika kuwasilisha taarifa za kazi na hesabu zilizokaguliwa. Hesabu hizo zikibandikwa pia katika ofisi ya kata na kusomwa kwenye mkutano wa kijiji, mchangiaji wa Matongo atakuwa na haki sawa na yule wa London.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni utu wa mtoto. Picha ya binti anayelia huvuta michango haraka. Lakini picha iliyowekwa mtandaoni kwa ajili ya mfadhili wa ng'ambo huweza kurudi siku hiyo hiyo kwenye simu za kijijini kwao, ambako kila mtu anajua ni mtoto wa nani. Binti huyo atarudi nyumbani siku moja, na usuluhishi na wazazi wake hutegemea siri iliyotunzwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 zinaweka msingi wa kumlinda. Shirika laweza kuonesha magodoro yaliyonunuliwa, idadi ya waliorejea shuleni na ramani ya vijiji vilivyofikiwa, bila sura wala jina la mtoto hata mmoja.

Kwa mantiki hiyo, maandalizi ya Desemba yanapaswa kuanza mapema, wakati nyumba salama bado zina nafasi na viongozi wa kata, dini na mila wana muda wa kuzungumza na wananchi. Fedha inayochangwa Agosti hununua chakula kwa bei nafuu kuliko inayotafutwa kwa dharura msimu ukiwa umeanza. Aidha, mzazi wa Matongo aliyechangia Shilingi 2,000 kumhifadhi binti wa jirani atakuwa amechukua msimamo hadharani, na si rahisi tena kwake kumpeleka wa kwake kwa ngariba. Hilo ni jambo ambalo mchango wa ng'ambo, hata uwe mkubwa kiasi gani, hauwezi kulifanya.