Matundu mawili si kasi maradufu

Leo nakiri kosa. Mwaka jana rafiki yangu anayepiga video za harusi hapa Nairobi aliniuliza anunue NAS gani, yaani lile kasha la diski linalokaa kwenye mtandao wa ofisi ili kila kompyuta ilifikie. Nikamjibu kwa kiburi cha mtu mwenye digrii ya kompyuta: chukua Synology DS224+, ina matundu mawili ya mtandao ya gigabiti 1, tutayaunganisha upate gigabiti 2. Akanunua, na swichi inayokubali mpango huo akanunua pia. Pesa yake mwenyewe.

Tukanakili harusi moja ya gigabaiti 60. Megabaiti 110 kwa sekunde, ileile ya tundu moja! Dakika tisa hivi. Akaniangalia.

"Sasa bwana, huo waya wa pili unafanya nini?"

Ukweli ni kwamba nyaya zikiunganishwa hivyo, swichi hugawa kompyuta, haigawi faili. Kompyuta moja ikizungumza na NAS, mazungumzo yote hupita waya mmoja. Ukinunua matatu ya pili utabeba abiria wengi zaidi, lakini abiria mmoja hafiki mjini mapema. Ofisi yenye wahariri watano wanaovuta faili kwa wakati mmoja itafaidika. Rafiki yangu ana msaidizi mmoja, tena wa wikendi tu.

Kwa hivyo swali nililopaswa kumuuliza ni wangapi wanaotumia, si matundu mangapi. Kwa mtu kama yeye, tundu moja la gigabiti 2.5 linashinda mawili ya gigabiti 1. QNAP TS-264 inayo mawili ya aina hiyo. Synology nao waliweka moja kwenye DS225+ ya mwaka 2025, la pili wakaliacha gigabiti 1. Kwa hesabu, gigabiti 2.5 ni megabaiti 312 kwa sekunde; diski ya kawaida inayozunguka itakukwamisha karibu na 200. Hata hivyo dakika tisa zinakuwa tano.

Na ukishanunua, angalia kilicho katikati. Waya wa Cat5e unatosha, maana kiwango cha gigabiti 2.5, kilichopitishwa mwaka 2016, kilitengenezwa kwa kuzingatia nyaya hizo zilizokwisha pitishwa ukutani. Swichi ya gigabiti 1 ndiyo itakayokurudisha ulikotoka. Na kompyuta yenyewe, tundu lake ni la kasi gani? (Wanaohariri kupitia Wi-Fi, hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.) Gigabiti 10 sipendekezi kwa ofisi ndogo: DS923+ ina nafasi ya kuongeza kadi yake, lakini utanunua kadi, swichi, na kadi nyingine ya kompyuta kabla hujanunua diski hata moja.

DS224+ haina nafasi ya kadi. Tulichofanya ni kuyatenganisha yale matundu mawili, tukachomeka tundu la pili la mtandao kwenye USB ya kompyuta yake ya Windows, kisha tukawasha SMB Multichannel, ambayo hugawa faili moja kwenye nyaya zote mbili. Kasi ikapanda karibu na 200 kwenye kompyuta hiyo moja. Ile swichi ya bei haina kazi tena, na kazi ya kuitafutia mnunuzi nimepewa mimi.