Duka lipo Kigali, mtandaoni halionekani

SIKU hizi ukipita Quartier Mateus, ukashuka Nyabugogo au ukaenda Gakinjiro ka Gisozi kunakouzwa mbao, makochi na mabati, utaona kwenye vibao vya maduka kitu ambacho miaka 20 iliyopita kilikuwa nadra sana: anwani ya tovuti, chini ya namba ya simu. Wenye maduka hayo wengi ni watu waliorejea nyumbani kutoka Tanzania, Kongo, Uganda na Burundi, na sehemu kubwa ya wateja wao ni wafanyabiashara wa mipakani. Wamelipa fedha kutengenezewa tovuti hizo. Lakini kila ninapowauliza ni wateja wangapi wamewahi kuingia dukani wakisema wamelipata kwenye mtandao, wengi hucheka.

Kucheka kwao kuna sababu. Tovuti ipo, inafunguka, ina picha nzuri, ila asiyejua jina lake hawezi kuifikia. Na mteja ambaye tayari anajua jina la duka hahitaji tovuti, maana namba ya simu anayo.

Mtambo wa kutafutia kama Google haulijui duka kwa kulipita barabarani. Una programu zinazotembea usiku na mchana kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, zinanakili zinachokikuta na kukiweka kwenye faharasa kubwa. Mtu anapoandika maneno yake, mtambo unaangalia faharasa hiyo, unachagua kurasa zenye maneno hayo au yenye maana ya karibu, kisha unazipanga kwa cheo. Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford mwishoni mwa miaka ya 1990, walianza na wazo la kuhesabu viungo kama kura: ukurasa unaotajwa na kurasa zinazoheshimika unapanda. Vigezo vimeongezeka sana tangu wakati huo, lakini mawili yamebaki palepale. Maneno ya mteja lazima yawemo kwenye ukurasa wako, na lazima watu wengine wakutaje.

Kazi ya kuirekebisha tovuti ili ipande katika mpangilio huo wataalamu huiita kwa herufi tatu za Kiingereza, SEO. Hapa Kigali wako vijana wanaoijua vizuri. Wako pia wanaouza dawa zilizokwisha muda wake. Utaambiwa, kwa mfano, kwamba maneno muhimu yamefichwa ndani ya ukurasa ili Google iyasome, wakati Google yenyewe ilitangaza mwaka 2009 kwamba orodha hiyo ya siri haiitumii katika kupanga cheo. Utauziwa viungo mia kutoka tovuti zisizojulikana. Tangu mwaka 2012 mtambo huo unaziadhibu tovuti zinazonunua kura za namna hiyo. Utajaziwa kurasa zilizonakiliwa kutoka kwa wengine, jambo ambalo tangu mwaka 2011 linaishusha tovuti badala ya kuipandisha. Na anayekuahidi nafasi ya kwanza mfanyabiashara mwenzangu anapaswa kumtilia shaka, kwa sababu mwongozo wa Google wenyewe unasema hakuna mtu anayeweza kuihakikisha.

Mwenye duka mmoja wa vipuri vya pikipiki, aliyerejea kutoka Tanzania mwaka 2013, alinionyesha tovuti yake kwenye simu. Mbele kuna picha ya jengo la vioo ambalo si lake, na aya tatu za Kiingereza kuhusu ubora, uaminifu na dira ya kampuni. Neno pikipiki halimo. Bei haimo. Wateja wake wanatoka Goma, Rusizi na Ngara, na hakuna hata mmoja kati yao atakayekaa usiku akiandika kwenye Google kwamba anatafuta kampuni yenye dira.

Tuangalie biashara moja ya hapa nchini ambayo vita hii imekuwa ya wazi, nayo ni utalii wa sokwe. Tangu Mei 2017 kibali cha kuwaona sokwe wa milimani katika Hifadhi ya Volcanoes kimekuwa dola 1,500, mara mbili ya bei ya awali. Uganda inatoza pungufu. Julai 2024 ilipandisha kibali chake kwa wageni wa nje hadi dola 800. Kwa fedha hizo, kampuni itakayompata mgeni kwanza ndiyo itakayomuuzia gari, hoteli na safari nzima. Sasa mgeni aliyeko Ulaya au Marekani akitafuta safari ya kuwaona sokwe wa Rwanda, anakutana na kampuni za Kigali, lakini pia za Kampala, Nairobi, Arusha na za huko huko kwao. Kampuni isiyo na ofisi wala dereva Musanze inaweza kumpokea mgeni mtandaoni, ikachukua sehemu yake, halafu ikaajiri kampuni ndogo ya Kigali kubeba mizigo.

Imewezekanaje? Hazikufanya uchawi. Kwa miaka mingi kampuni hizo zimekuwa zikiandika majibu ya maswali ambayo mgeni anauliza kweli. Kutoka Kigali hadi Musanze ni saa ngapi kwa gari? Mtoto anaruhusiwa akiwa na umri gani? (Miaka 15.) Kundi moja lina wageni wangapi? (Wanane.) Wanakaa na sokwe kwa muda gani? (Saa moja.) Kila swali lina ukurasa wake, umeandikwa kwa maneno ya anayeuliza, na unarekebishwa bei zinapobadilika. Huku kwetu kampuni nyingi ziliweka ukurasa mmoja wenye historia ya mkurugenzi. Matangazo ya serikali, pamoja na jina la Visit Rwanda lililoanza kuonekana kwenye mikono ya jezi za Arsenal mwaka 2018, yalifanya kazi ya kumtamanisha mgeni aitafute Rwanda. Nani anapatikana mgeni akishaanza kutafuta, hilo ni suala jingine, na jezi haiwezi kulitatua.

Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kusema kwamba sokwe hawamhusu. Kwa maoni yangu yeye ana nafasi nzuri kuliko kampuni za utalii, kwa sababu uwanja wake bado uko wazi. Maneno ya Kiingereza kuhusu sokwe yanagombewa na mamia ya tovuti. Lakini ni tovuti ngapi za Kigali zimeandika kwa Kiswahili bei ya jumla ya godoro, vitenge, unga au rangi ya nyumba? Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, hata hivyo mwenye duka akipewa fundi wa tovuti, jambo la kwanza wanalokubaliana ni Kiingereza, ili ionekane kampuni kubwa. Anasahau kwamba mteja wake wa Bukavu anaandika Kifaransa au Kiswahili, na wa Benako anaandika Kiswahili peke yake.

Hapa ndipo aliyerejea kutoka ugenini ana mtaji ambao hauuzwi popote. Bidhaa moja ina majina kadhaa kutegemea upande wa mpaka. Mtanzania anasema saruji au simenti, Mnyarwanda anasema sima, na barua ya oda kutoka Goma inaandika ciment. Godoro la Ngara ni matela akilitaja mtu wa Rubavu. Kitenge cha Dar es Salaam kinaitwa kikwembe huko Kivu. Unga wa sembe hapa Kigali ni kawunga. Kwa Kiingereza mtambo umesoma maandishi mengi mno kiasi kwamba unajua maneno yapi ni ndugu. Kwa Kiswahili chetu cha mipakani umesoma machache, usiutegemee ukufanyie tafsiri. Mtu aliyekulia Karagwe au Goma anayajua majina hayo yote bila kufungua kamusi. Akiyaweka ndani ya sentensi za kawaida, pamoja na bei, kipimo na mahali bidhaa inapochukuliwa, atakuwa amefanya zaidi ya nusu ya kazi ambayo angelipia.

Kuna suala la mahali pia. Barabara za Kigali zilipewa namba: KN kwa Nyarugenge, KG kwa Gasabo, KK kwa Kicukiro. Ni utaratibu mzuri na ramani za mtandaoni zinauelewa. Lakini mgeni anayeshuka basi Nyabugogo hasemi namba. Anasema Sonatube, Rwandex, Kisimenti, kwa Rubangura. Basi ukurasa wa duka unatakiwa kuwa na vyote viwili. Kuliandikisha duka kwenye ramani ya Google ni bure, na kwa duka dogo naona jambo hili litangulie hata tovuti yenyewe: jina lilelile lililo kwenye kibao, namba ya simu inayopokelewa, saa za kufungua, picha ya mlango halisi. Google inataka uthibitisho kwamba duka lipo, mara nyingi kwa simu au kwa video. Wengine huishia hapo kwa uvivu, wakaacha duka lao likionekana kwenye ramani na namba ya simu iliyokufa.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba WhatsApp inatosha. Kwa mteja uliyenaye, ndiyo, inatosha kabisa. Ila tukumbuke yaliyotokea mipakani. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Katikati yake likaja korona. Mpaka na Burundi ulifungwa tena Januari 2024. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, mabenki ya mji huo yalifunga milango, na biashara ya watu wanaovuka Petite Barrière ikabadilika. Kila mara mnyororo wa kujuana unakatika: mteja wako amehama, namba imebadilika, aliyekuwa akinunua Kampala sasa anatafuta mtu wa Kigali ambaye hamjui. Mtu huyo hayumo kwenye simu yako, wala wewe humo kwenye yake. Kitu cha kwanza atakachofanya ni kuandika swali kwenye mtambo wa kutafutia, naye atampigia yule atakayejitokeza na bei mkononi.

Na atauliza kwa simu, si kwa kompyuta. Tangu Aprili 2015 Google imekuwa ikizipa upendeleo tovuti zinazosomeka vizuri kwenye simu, na tangu Julai 2018 wepesi wa ukurasa kufunguka kwenye simu nao unahesabiwa. Picha kubwa za ukurasa wa mbele zinamlia mteja bando kabla hajaona bei. Mtu wa mpakani hatasubiri.

Niongeze jambo jipya kidogo. Tangu Mei 2024 Google imeanza kuweka juu ya matokeo jibu lililotungwa na akili mnemba, hivyo baadhi ya watu husoma jibu na kuondoka bila kuingia tovuti yoyote. Kurasa za maelezo ya jumla, zikiwamo zile za sokwe, ndizo zitakazoumia zaidi. Bei ya leo ya mabati Gisozi mashine haiwezi kuibuni. Lazima iipate kwa aliyeiandika.

Kabla ya kumlipa fundi, muulize jina la tovuti limeandikishwa kwa nani. Majina yanayoishia na .rw yanasimamiwa hapa nchini na RICTA tangu mwaka 2012, na huuzwa kupitia wasajili. Nimekutana na wafanyabiashara ambao fundi aliandikisha jina kwa barua pepe yake mwenyewe, wakagombana, au akahamia nchi nyingine, na miaka ya cheo kwenye Google ikaondoka naye, kwa sababu cheo kinafuata anwani, hakimfuati mwenye duka. Mpigie msajili aliyeuza jina hilo umuulize ni barua pepe ya nani iliyoandikwa, na malipo ya mwaka yanakwisha lini.