Kamaru hakusafiria nyota ya mwenziwe

Abiria atokaye Nairobi kwenda Nyeri hufika Kenol, mji uliopata jina lake kwa kituo cha petroli. Hapo njia hugawanyika: moja hushika Sagana, nyingine Murang'a. Ukiifuata hii ya pili na kuupita mji wa Murang'a, utafika Kangema. Huko ndiko alikozaliwa Joseph Kamaru mwaka 1939, mwimbaji ambaye wengi wetu wa pwani hatukumtia maanani kwa kuwa aliimba Kikikuyu. Tumejinyima funzo kubwa.

Kamaru alikuwa mshairi kwanza, mpiga gitaa baadaye. Nyimbo zake zilijaa methali na mafumbo ya wazee wa kwao. Anayemjua Muyaka wa Mombasa hatashangaa: neno ni tamu, lakini ndani mna mwiba. Mwaka 1969 alitoa "Ndari ya Mwarimu", akiwalaumu walimu wanaowataka wanafunzi wao wa kike. Walimu wakachachamaa. Mwaka 1975 alipouawa mbunge J.M. Kariuki, wengi walinong'ona, Kamaru aliimba. Redio ya serikali haikuupiga wimbo huo, lakini watu waliununua.

Je, ujasiri huo aliupata wapi? Moyo alikuwa nao, lakini moyo peke yake hautoshi. Kamaru alitoa sahani za santuri kwa nembo zake mwenyewe, akaziuza katika duka lake, City Sounds, mjini Nairobi. Hakungoja mkubwa wa kampuni amwambie lipi liimbwe na lipi lifichwe. Hata alipogeukia nyimbo za dini yake ya Kikristo mwaka 1993, aliamua mwenyewe. Alifariki Oktoba 2018, na mjukuu wake, ambaye ni wajina wake na mwanamuziki pia, amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake katika intaneti. Mali imebaki nyumbani.

Sasa tujitazame. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alituimbia tungo za binamu yake, Ahmad Nassir, zilizotufunza na kutuliza. Nyingi ya nyimbo za taarabu yetu tulizijua kwa kaseti za arusi, zilizonakiliwa na kunakiliwa tena hata sauti ikakwaruza. Ni nani leo awezaye kuzihesabu zote, au kusema mtunzi alipata nini kwa kila nakala?

Atakuwako wa kusema kwamba taarabu ni ya arusi, si ya sokoni. Hasha! Fundi wa jahazi hulipwa, mpishi wa pilau hulipwa. Kwa nini mwenye kutunga aambulie makofi na noti mbili tatu za kutuzwa?

Basi wenye kaseti kabatini wazitoe kabla hazijaliwa na ukungu, waandike jina la mtunzi, la mwimbaji na mwaka. Na vijana wanaoimba sasa wasitie sahihi karatasi wasiyoisoma. Wahenga walituasa tusisafirie nyota ya mwenzetu. Mtu wa Kangema, asiyeijua bahari, aliushika wasia huo kuliko sisi wenye majahazi.