Mwacheni Mchoraji wa Vitabu vya Watoto Achore

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imekatika kwa muda, niliitwa kwa simu kutoka lango la kambi. Askari wa zamu aliniarifu kwamba upande wa pili wa barabara ameketi mwanamke juu ya ukuta mfupi, daftari magotini, na kwa muda upatao saa nzima amekuwa akitazama na kuandika, akitazama na kuandika. "Afande, haandiki," akajisahihisha, "anachora." Kwa kuwa kazi yangu jeshini ni uhusiano na raia, na kwa kuwa mambo yasiyokuwa na mwenyewe aghalabu huishia mezani kwangu, nilishuka kwenda kumwona.

Alikuwa mama wa makamo, amejifunga kitambaa kichwani, na pembeni yake palikuwa na mwavuli na mfuko wa penseli. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani, nikamwomba daftari. Alinipa bila ubishi, kama mtu ambaye jambo hilo limekwisha mpata mara nyingi. "Tazama, mwanangu," aliniambia kwa Kiswahili safi cha Biryogo, mtaa ambao tangu zamani ndio nyumbani kwa lugha hii hapa Kigali. "Ukiona siri ya serikali humo, nipeleke."

Nilifungua. Palikuwa na mbuzi aliyefungwa kwenye mkaratusi, amechorwa mara tisa. Palikuwa na mguu wa nyuma wa mbuzi, peke yake, katika ukurasa mzima. Palikuwa na mtoto aliyebeba dumu la maji la manjano, bega moja likiwa juu na jingine chini. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mwavuli mkononi. Dereva wa pikipiki ya abiria, helmeti ya pili ikining'inia kwenye mkono wake. Lango halikuwamo. Ua wa kambi haukuwamo. Isipokuwa katika ukurasa wa mwisho, pembeni kabisa, palikuwa na buti moja la askari, na kamba yake ilikuwa imefunguka.

Mama yule ni mchoraji wa picha za vitabu vya watoto. Alikuwa amepewa hadithi ya mbuzi aliyekata kamba akakimbia mtaani, naye alikuwa akimngoja mbuzi wa jirani aruke mtaro, kwa maana alisema hawezi kumchora mbuzi akiruka mpaka amwone akiruka.

Ndugu msomaji, simlaumu askari wangu. Aliona jambo asilolizoea, akatoa taarifa. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na yapo majengo ambayo hayafai kuchorwa wala kupigwa picha, na hilo litabaki hivyo. Lakini kati ya jengo lisilofaa kuchorwa na mbuzi aliyefungwa ng'ambo ya barabara pana nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo sisi tulio na sare, pamoja na walinzi wa maduka, wasimamizi wa masoko na wazee wa mitaa, tumezoea kumsumbua mtu ambaye kazi yake ni kutazama. Mama yule aliniambia kwamba kwa mwaka mmoja ameondolewa penye kituo cha mabasi, penye soko na penye uwanja wa mpira wa watoto. Kila mara aliulizwa swali lile lile: umetumwa na nani?

Yamkini wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo. Mchoraji si akae nyumbani achore kwa kichwa? Nami ningesema vivyo hivyo, lau si somo nililolipata nikiwa ofisa kadeti. Tulipandishwa juu ya kilima, tukapewa karatasi, penseli na dakika ishirini, tukaamriwa tuchore bonde lililo mbele yetu: mstari wa vilima, barabara, daraja, mti ulio peke yake. Nilichora daraja lenye nguzo tatu, kwa sababu ndivyo daraja lilivyokuwa kichwani mwangu. Mkufunzi hakusema neno; alinipa darubini. Daraja lile halikuwa na nguzo hata moja. Lilikuwa magogo mawili yaliyolazwa juu ya kijito. "Umekwisha wapitisha watu wako hapo kwa lori," aliniambia, kisha akaenda kwa mwenzangu. Tangu siku ile nafahamu kwamba kichwa cha mtu kimejaa madaraja ya nguzo tatu, na kwamba mkono usiozoezwa kila siku mbele ya kitu chenyewe huchora yale ya kichwani.

Sasa mtazame mtoto wa miaka mitano ambaye bado hajui herufi. Yeye kitabu chake ni picha. Mtu mzima humsomea maneno, lakini picha anaisoma mwenyewe, naye ni msomaji mkali kuliko mhariri yeyote. Ukimchorea ng'ombe wa inyambo mwenye pembe fupi atakwambia huyo si inyambo, kwa kuwa mtu akimwona hata mara moja ng'ombe wa namna hiyo pale penye ikulu ya kale ya Nyanza, na pembe zake ndefu zinazopanda juu kama mikono ya mcheza ngoma, hamsahau tena. Ukimchorea msichana wa shule ya msingi mwenye nywele ndefu na utepe, atauliza huyo ni wa nchi gani, maana wasichana wenzake darasani, kama wavulana, wamekatwa nywele zikawa fupi. Na asipouliza, ni vibaya zaidi: amekwisha amini kwamba watu wa vitabuni ni watu wengine.

Nchi yetu haikuanza jana kulifikiria jambo hili. Tangu miaka ya 1950 lilikuwapo gazeti la watoto kwa Kinyarwanda lililoitwa Hobe. Lakini vitabu vyenyewe, vya hadithi na picha kwa mtoto mdogo, vilikuwa haba, na vingi vilivyoonekana mijini vilitoka Ulaya, pamoja na theluji yao na dohani zao. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nchi ikiwa imejaa watoto wasio na wazazi na shule zisizo na chochote, bibi Agnès Gyr-Ukunda alianzisha hapa Kigali, mwaka 1995, shirika la Éditions Bakame ili kuwachapishia watoto vitabu kwa lugha yao. Bakame ndiye sungura mjanja wa hadithi zetu, ndugu yake yule Sungura wa hadithi za Kiswahili. Ilibidi kuwatafuta na kuwafundisha si waandishi tu, hata wachoraji pia. Mwaka 2008 shirika hilo lilipewa tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi ya kukuza usomaji, na tangu hapo wametokea wachapaji wengine. Hivyo wachoraji tunao. Ninalouliza ni tunawafanyia nini.

Jirani zetu wa Tanzania wana mfano unaofaa kutazamwa. John Kilaka, aliyezaliwa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga, alihamia Dar es Salaam akajiunga na wachoraji wa Tingatinga, wale waliofuata nyayo za Edward Saidi Tingatinga aliyechora kwa rangi za mafuta juu ya mbao laini. Wengi katika mtindo huo huchora simba na twiga kwa ajili ya watalii. Kilaka aligeukia vitabu vya watoto. Alisafiri vijijini kuwasikiliza wazee wakisimulia hadithi, kisha akazichora kwa wanyama waliovaa kama watu wa kijijini na kushughulika kama wao. Tazama hadithi yake ya samaki wabichi, ambamo Sokwe ndiye mvuvi: anayechekesha si mnyama, ni namna anavyokwenda sokoni na mzigo wake, na mwendo huo haubuniwi chumbani. Kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza mwaka 2001 huko Uswisi, kwa Kijerumani. Jambo hilo lanipa fahari na uchungu kwa pamoja: mtoto wa Basel aliwaona watu wa Sumbawanga kitabuni kabla ya mtoto wa Sumbawanga mwenyewe.

Hata walio na majumba makubwa ya vitabu hawakukwepa kazi hii ya kutazama. Mmarekani Robert McCloskey, alipokuwa akitayarisha kitabu chake cha vifaranga vya bata wanaovuka barabara za Boston, kilichotoka mwaka 1941, alianza kwa kuwachunguza bata waliokaushwa katika jumba la makumbusho. Hakuridhika. Alinunua bata wazima, akawafuga katika nyumba ya kupanga jijini New York, wakaogelea katika bafu lake naye akitambaa sakafuni nyuma yao na daftari. Walipokataa kutulia, kwa maelezo yake mwenyewe, aliwanywesha divai nyekundu kidogo. (Sipendekezi hili kwa mbuzi wa Kigali.) Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata nishani ya Caldecott, ambayo ndiyo kubwa kwa wachoraji wa vitabu vya watoto huko Marekani.

Lakini kutazama huchukua siku, na siku hazilipwi. Mama yule alinieleza mambo yalivyo. Mchoraji hupewa hadithi ya kurasa ishirini na nne, hulipwa fedha ya mkupuo, naye hutakiwa alete picha zote baada ya majuma matatu. Siku za kukaa ukutani kumngoja mbuzi hazimo katika mkataba. Akizikaa, anazikaa kwa njaa yake. Asipozikaa, hana budi kuiga picha ya mtu mwingine aliyoiona kwenye intaneti. Tena kitabu kikiisha, jina la mwandishi hukaa juu ya jalada, na la mchoraji aghalabu hutafutwa kwa tochi katika ukurasa wa anwani ya mchapaji. Rwanda ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, unaompa mwenye kazi haki ya kutambuliwa kwa jina, na mchoraji ni mwenye kazi sawasawa na mwandishi. Kuandika jina lake chini ya lile la mwandishi, kwa herufi za ukubwa ule ule, hakumgharimu mchapaji hata faranga moja. Kumlipa siku tano za daftari kutamgharimu, nami nasema amlipe.

Na siku hizi umekuja ushindani mwingine. Ipo mitambo ya kompyuta inayotoa picha kwa kuamriwa maneno tu, na wapo wachapaji waliokwisha kuanza kuhesabu faida yake. Nilijaribu mwenyewe ofisini kwangu. Niliandika kwamba nataka mwanamke wa Rwanda akitoka sokoni. Nilipewa mwanamke mzuri sana, amevaa shanga shingoni kama Mmasai, amesimama katika tambarare isiyo na kilima hata kimoja mpaka mwisho wa macho. Tambarare, katika nchi hii! Mtambo ule ulifanya kosa lile lile nililolifanya mimi juu ya kilima nilipokuwa kadeti, ila wenyewe haukuwa na mkufunzi wa kuupa darubini. Huenda kesho utajifunza vilima. Lakini yupo mtu anayevijua leo, naye tumemwondoa penye kituo cha mabasi.

Nimekwisha zungumza na vijana wangu wa lango. Tumeelewana kwamba mtu mwenye penseli aamkiwe kwanza, aulizwe kwa adabu, na ikiwa anachochora ni barabara, watu na wanyama wao, aachwe. Akigeukia lango, aelezwe kwa upole agueze mgongo. Ningefurahi iwapo viongozi wa masoko na wa vituo vya mabasi nao wangewapa walinzi wao maelekezo ya namna hiyo. Kipande kimoja cha karatasi ubaoni kingetosha. Na wazazi wanaopita wasimkatie mtoto wao anayesimama nyuma ya mchoraji kutazama. Dakika kumi za kuona karatasi tupu ikigeuka mbuzi hazitamchelewesha shule.

Siku ile nilimrudishia mama daftari lake, nikamwomba radhi. Yeye aliomba jambo moja: askari yule asimame tena pale pale alipokuwa amesimama mwanzo, maana hakuwa amemaliza buti la pili. Niliona hakuna ubaya. Nilimwita kijana, nikamwamuru asimame, na kwanza afunge kamba ya buti lake, kwa kuwa sikutaka jeshi lionekane vile mbele ya watoto wa nchi nzima.

"Hapana, afande," mama akasema bila kuinua macho. "Mwache nayo."

Kitabu kilitoka baada ya miezi saba. Nilikinunua nikakipeleka nyumbani, na mwanangu wa miaka sita akakipekua peke yake sakafuni. Katika picha ambapo mbuzi anaruka mtaro yupo askari nyuma, mdogo kama kidole, anamcheka mbuzi. Sikuwa nimemwambia mtoto neno lolote. Aliweka kidole chake juu ya buti akaniita nije nitazame, askari huyu ataanguka.