Michembe Chini ya Kitanda

Kila nikirudi chuo kutoka Bariadi, mama hunifungia mfuko wa michembe na choroko. Na kila muhula, nakiri, mfuko huo umelala chini ya kitanda. Nani achemshe michembe bwenini aitwe mshamba? Nilikula kama wenzangu: mandazi asubuhi, chipsi mayai usiku, soda juu yake. Bumu likikata, chipsi kavu.

Muhula huu, somo la kinga ya mwili limenifanya niutoe mfuko ule.

Utando wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli. Upande mmoja kuna matrilioni ya bakteria, upande wa pili limejipanga jeshi kubwa la seli za kinga. Jeshi hilo halizaliwi likijua kazi. Panya wa maabara wanaolelewa bila bakteria hata mmoja huwa na kinga changa ya utumbo. Wakipewa bakteria, inaanza kukomaa. Yaani bakteria ni wakufunzi.

Na wakufunzi hao wanakula nini? Nyuzinyuzi tunazoshindwa kumeng'enya sisi wenyewe, zile za mtama, choroko, mlenda na michembe. Wakizichachusha hutoa asidi kama butireti, inayolisha seli za utando na kusaidia seli T za udhibiti ziongezeke. Kazi ya seli hizo ni kuwatuliza askari wenzao: acheni, hiki ni chakula, si adui.

Msiseme haya ni mambo ya panya wa Ulaya. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa KCMC Moshi na wenzao wa Radboud, Uholanzi, uliofanyika Kilimanjaro kwa wanaume 77. Waliozoea chakula cha asili walipohamia chakula cha kizungu kwa wiki 2 tu, damu yao ilionyesha kinga inawaka bila sababu, na seli zao zikapungukiwa nguvu ya kujibu vimelea. Waliofanya kinyume walipata nafuu. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye.

Wiki 2! Sisi tunakaa chuo miaka 3.

Sisemi kijijini ni peponi. Maji machafu yanaleta kuhara na taifodi, na hakuna bakuli la choroko litakalozuia hilo. Na utafiti ule ulikuwa wa wanaume tu, tena wachache. Najua pia kwamba mwanachuo mwenye njaa hula kilicho karibu. Ndiyo maana simlaumu mla chipsi. Nalaumu sisi sote tulioacha chipsi ziwe ndizo pekee zilizo karibu saa 3 usiku.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa serikali yetu ya wanafunzi. Mkikaa na wazabuni wa kafteria, msijadili bei ya wali peke yake. Ombeni ugali wa mtama, choroko na mboga za majani kila siku, si siku ya maonyesho ya utamaduni.

Mimi jana nimechemsha michembe. Wawili walicheka. Mmoja, Msukuma wa Meatu, alivuta kiti akaniuliza kama kuna karanga.